Sera ya Afya na Mama Anayejifungua: Habari ya Mara Tangu Enzi za Misheni

Sera ya kwanza ya serikali kuhusu uzazi inayosimuliwa katika Biblia ni ya Farao. Tunaisoma katika Kutoka sura ya kwanza. Mfalme aliwaita wakunga wawili wa Waebrania, Shifra na Pua, akawaagiza wawaue watoto wa kiume pale pale mama anapojifungua. Wahubiri wengi huikimbia sura hii ili tufike haraka kwa Musa na kisafina chake, na wakunga tunawaacha nyuma. Lakini ukiisoma polepole utaona kwamba amri ya mfalme haikumfikia mama moja kwa moja. Ilipita kwanza mikononi mwa mkunga, na ilipofika hapo iligeuka. Ilitoka ikulu ikiwa kifo, ikafika chumbani ikiwa uzima, kwa sababu wanawake wale walimcha Mungu.

Katika nchi yetu nimeona mara nyingi jambo hilo likienda kinyume chake. Amri iliyotoka juu ilikuwa njema, na ilipomfikia mama ilikuwa imepungua njiani. Sisemi hivyo ili kuilaumu serikali, kwa maana Kanisa nalo ni sehemu ya njia hiyo, na tangu zamani. Katika makala haya nataka kufuata neno moja tu, kwamba mama mjamzito atibiwe bila kulipa, na kuona lilivyosafiri katika mkoa wa Mara, hasa pande za Butiama, Musoma na Bunda.

Tuanze Butiama kwenyewe. Mwalimu Nyerere alizaliwa hapo mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki na mama Mugaya, mmoja wa wake wake 22. Katika boma kama lile, kujifungua lilikuwa jambo la wanawake wenyewe. Palikuwa na wakunga wazee waliojua kukanda tumbo, dawa za miti na maneno ya kumtia mwenzao moyo. Tusiwadharau, kwa kuwa karibu kila mzee tunayemheshimu leo alipokelewa na mikono kama ile. Tusiwasifu kupita kiasi pia. Mama alipotokwa na damu isiyokoma, au mtoto alipokaa kinyume, mikono ile haikuwa na la kufanya, na walijua hivyo.

Misheni zilifika mapema katika nchi hii, ingawa si zote kwa wakati mmoja. Waadventista walikuwa Majita, Busegwe na Ikizu tangu enzi za Wajerumani. Mapadre Weupe walikuwa Nyegina, na ni huko kijana Kambarage alikobatizwa mwaka 1943 akaitwa Julius. Wamennonite kutoka Marekani waliingia mwaka 1934, wakaanza Shirati, kisha wakajenga vituo vingine, na kimoja kiliwekwa Bumangi katikati ya Wazanaki. Sisi Walutheri tulikuja baadaye, na ni vizuri tukumbuke kwamba tuliyakuta mashamba yamekwisha kulimwa na wengine. Popote misheni ilipojenga kanisa, haikukawia kuweka chumba cha dawa, na penye chumba cha dawa akina mama hawakukosekana.

Serikali ya Waingereza iliona hilo ikalitumia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia watawala walikuwa na hofu kwamba watu wa Tanganyika wanapungua, na watu wakipungua vibarua nao wanapungua. Ndiyo maana katika miaka ya 1920 neno la afya ya mama na mtoto liliingia katika nyaraka zao. Madaktari wa serikali walikuwa wachache na walikaa zaidi mijini, wakiwahudumia maofisa, askari na wafanyakazi. Kazi ya kina mama ikaachiwa misheni, na serikali ikatoa ruzuku kidogo. Msomaji aliangalie hilo vizuri, kwa maana mgawanyo ule haujaisha mpaka leo. Tangu mwanzo mama wa kijijini alikuwa katika mipango ya serikali, lakini mkono uliompokea ulikuwa wa Kanisa, na fedha za kuutunza mkono huo hazikutosha.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, Watanganyika waliokuwa madaktari walikuwa 12 tu. Kamati iliyoongozwa na Mwingereza Richard Titmuss ilitoa taarifa yake mwaka 1964, ikashauri huduma zipelekwe vijijini kwa njia ya vituo vya afya badala ya kuongeza hospitali kubwa. Azimio la Arusha la 1967 likalipa wazo hilo nguvu ya siasa. Mwaka 1969, akiueleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu alizungumzia uzazi bila kuzunguka. Alisema kwamba katika kuzaa binadamu hatofautiani sana na wanyama, ila kulea ndiko kunakomtofautisha. Kwa mtu aliyetoka katika boma la wake 22, hayo hayakuwa maneno mepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bajeti ya afya ikaanza kugeuzwa kuelekea vijijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakisikiliza redio na kujifunza habari za vyoo, maji na mbu. Muda mfupi baadaye watu wa Mara, kama wa mikoa mingine, walihamishiwa vijijini. Wapo walioswagwa kama ng'ombe, na maumivu hayo bado yanasimuliwa. Hata hivyo ni katika vijiji hivyo zahanati zilijengwa.

Mwaka 1974 ndio nauona kuwa mwaka mkubwa kuliko yote katika habari hii, ingawa vitabu vya shule huutaja kwa sababu ya Azimio la Musoma na elimu ya msingi kwa wote. Mwaka huo serikali iliunganisha huduma za mama na mtoto ziwe kitu kimoja: kupima mimba, chanjo, kupima uzito wa mtoto na uzazi wa majira, ambao kabla yake ulikuwa kazi ya UMATI. Wasichana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa vijijini, wakafundishwa kwa miezi 18, wakarudishwa vijijini. Mama mmoja mzee wa upande wa Butiama, aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake, aliniambia hivi: "Baba Mchungaji, tulikuwa watoto tunaowafundisha mama zetu. Mwanzoni walitucheka. Walipoona surua imepungua, wakaacha kucheka." Hakuna aliyelipa. Kadi ya kliniki ilitunzwa ndani ya sanduku pamoja na hati ya ndoa na cheti cha ubatizo, na nyumba nyingine bado zinazo.

Mwaka 1977 serikali ilikataza kwa sheria matibabu ya kibinafsi ya kutafuta faida. Hospitali za makanisa ziliachwa, na baadhi zilifanywa Hospitali Teule za Wilaya, yaani serikali ikawa inalipa mishahara na sehemu ya gharama, na Kanisa likabaki na majengo na usimamizi. Shirati ni mojawapo.

Hata hivyo ndani ya wema huo wote kulikuwa na kasoro ambayo haikuonekana haraka. Kliniki ilimpima mtoto, ikamchanja mtoto, ikauandika uzito wa mtoto. Mama alikuwa njia ya kumfikia mtoto. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Allan Rosenfield na Deborah Maine, waliandika katika jarida la Lancet wakiuliza: katika hizi huduma zinazoitwa za mama na mtoto, mama mwenyewe yuko wapi? Miaka miwili baadaye, mwaka 1987, mataifa yalikutana Nairobi na kuanzisha mpango wa Uzazi Salama. Swali la wale wawili lilikuwa la haki. Mama haponi kwa kupimwa uzito. Wanaokufa kwa uzazi hufa kwa kutokwa na damu, kwa kifafa cha mimba, kwa uchungu unaokataa kwenda mbele, kwa uambukizo baada ya kujifungua na kwa mimba zinazotolewa kwa siri. Karibu yote hayo yanahitaji damu, dawa ya mshipani, mtu wa kupasua, na gari la kumfikisha kwake, na zahanati haina hivyo. Pale Musoma ujenzi wa hospitali kubwa ya Kwangwa ulianza katika miaka ya 1970, kisha ukasimama, na kuta zake zikakaa kwa miongo mingi zikitazama ziwa. Kizazi kizima cha akina mama wa Mara kilipita chini ya kuta hizo kikielekea Bugando, Mwanza, wale waliopata nauli.

Miaka ya 1980 sote tuliokuwa watoto tunaikumbuka kwa foleni za sabuni. Vita vya Kagera, mafuta ghali na mazao yaliyokosa bei viliiacha hazina tupu. Zahanati zilibaki na muuguzi na meza. Kwa miaka kadhaa masanduku ya dawa yaliyokuja kwa msaada wa Denmark ndiyo yaliyofanya vijiji vingi vipate hata klorokwini. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kwa upande wa afya matunda ya makubaliano hayo yalionekana mwaka 1993, kuchangia gharama kulipoanza katika hospitali za serikali, ngazi kwa ngazi kutoka juu kwenda chini.

Waliotunga utaratibu ule hawakumsahau mama. Waliandika kwamba wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wasiojiweza wapewe msamaha. Neno hilo "msamaha" linanisumbua mimi mtu wa theolojia, kwa maana hatumsamehi asiyekosa. Lakini liliandikwa, na lilikuwa jema. Kilichotokea ni kwamba hospitali iliambiwa isimtoze mama, na haikupewa fedha ya kujaza pengo lake. Hospitali ikabaki na glavu za wanaolipa. Hapo ndipo ilipozaliwa ile orodha ambayo kila mwanamke wa Mara aliyejifungua katika miaka ile anaijua kama Sala ya Bwana: glavu jozi kadhaa, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, pamba, mpira wa kulalia, beseni, khanga, na mara nyingine ndoo ya maji na mafuta ya taa. Hayo si malipo. Ukimuuliza mganga mkuu atakuambia huduma ni bure, na hatakuwa amesema uongo. Lakini mama asiye na beseni alijifungulia nyumbani kwa kuona haya.

Sasa nije kwetu. Mwaka 1992 serikali ilitia saini hati ya makubaliano na makanisa, kwa upande mmoja Baraza la Maaskofu Katoliki na kwa upande mwingine Jumuiya ya Kikristo Tanzania ambamo Kanisa letu la KKKT limo, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa. Serikali ilikiri kwamba bila makanisa haiwezi kufikia watu wake. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini hospitali na zahanati zetu zilitoza ada tangu zamani, na fedha za kutoka nje zilivyopungua ada zikapanda. Hivyo katika kata ambayo kituo cha karibu ni cha Kanisa, mama aliyeahidiwa na serikali kwamba hatalipa alikuta dirisha la malipo, na juu ya dirisha msalaba.

Nilikaa miaka kadhaa katika bodi ya zahanati moja ya kanisa ambayo sitaitaja. Siku moja tulijadili waraka uliotutaka tufuate sera ya kutowatoza wajawazito. Wajumbe walisema mambo mazuri juu ya upendo. Muuguzi mfawidhi, mama mtu mzima, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba Mchungaji na wazee wangu, nimesikia. Serikali imesema bure, na nyie mmesema bure. Sasa mniambie, glavu nitazinunua na nini?" Tukakaa kimya. Mwishowe tuliamua kutoza kidogo. Sidhani kwamba uamuzi ule ulikuwa dhambi. Nadhani ulikuwa jibu la watu waliobebeshwa ahadi ya mwingine bila mkoba wake. Lakini mama aliyekuwa mlangoni hakujua tofauti kati ya ahadi ya serikali na uwezo wa Kanisa. Yeye alijua tu kwamba ameambiwa hivi na ametendewa vile.

Wakunga wa jadi nao walipigwa na mawimbi hayo hayo. Katika miaka ya 1980 serikali iliwaita, ikawafundisha usafi, ikawapa masanduku yenye wembe na uzi, na bibi zetu wakajisikia wameheshimiwa. Baadaye dunia ilibadili mawazo, na kwa hoja za kweli, kwa maana mafunzo ya wiki chache hayazuii damu. Wakaambiwa waache kuzalisha, wawasindikize tu wanawake kwenda kituoni. Katika sehemu mbalimbali za nchi vijiji vilitunga sheria ndogo za kumtoza faini anayejifungulia nyumbani. Hapo sera iligeuka kabisa. Yule aliyesamehewa kulipa akijifungulia kituoni, akawa analipa kwa kutofika kituoni, hata kama mvua ilikuwa imekata njia.

Mwaka 2007 ulikuja Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, uliojulikana kama MMAM, ukiwa na lengo la zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Nguvu za wananchi zilipandisha kuta nyingi, na nyingi zilingoja bati, kisha zikangoja muuguzi. Katika miaka ya karibuni vituo vingi vya afya vimewekewa vyumba vya upasuaji, hospitali ile ya Kwangwa hatimaye imefunguliwa na kupewa jina la Mwalimu Nyerere, na mama mwenye dharura anaweza kupigiwa simu namba 115 bila malipo ili gari limfuate, hata likiwa gari la mwanakijiji anayelipwa kwa safari hiyo. Tafiti za taifa zinaonyesha wanawake waliojifungulia katika vituo vya huduma walikuwa asilimia 47 mwaka 2004/05, 63 mwaka 2015/16, na 81 mwaka 2022. Vifo vya uzazi, vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, vilikadiriwa kuwa 104 katika ule wa 2022. Makadirio hayo hupatikana kwa kuwauliza watu habari za dada zao waliofariki, kwa hiyo tarakimu zenyewe zisishikwe kama mizani ya dukani. Kwamba hali imekuwa bora, hata hivyo, mchungaji anayezika anaijua bila utafiti.

Wataalamu husema mama hucheleweshwa mara tatu: kuamua kwenda, kufika, na kuhudumiwa akishafika. Ninapofundisha jambo hili huwaonyesha wanafunzi wangu Mwanzo sura ya 35. Raheli alikufa njiani kuelekea Bethlehemu akimzaa Benyamini, na mkunga alikuwapo, akamwambia asiogope. Mkunga yule alikuwa na neno jema na hakuwa na kitu kingine. Kucheleweshwa kwa kwanza, katika Mara, mara nyingi ni kwa mwanamume: ng'ombe wapo zizini, lakini wa kuuzwa kwa ajili ya safari ya mke mpaka baba mwenye mji arudi mnadani aseme.

Hapo sheria za serikali huingia pia, na hukwama pia. Ukeketaji wa wasichana wa chini ya miaka 18 umekatazwa kwa sheria tangu 1998. Bado utafiti wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa, wakati kwa taifa zima ilikuwa 10, na kovu lile humfuata mwanamke mpaka siku ya kujifungua. Sheria ilipopita wengine walihamishia jambo hilo usiku. Kilichowapa wasichana pa kukimbilia ni nyumba salama, kama ile iliyofunguliwa Mugumu mwaka 2014 chini ya Rhobi Samwelly, na baadaye nyingine huku Butiama. Msichana anayekimbia Desemba hahitaji kwanza kifungu cha sheria, anahitaji mlango unaofunguliwa usiku.

Katika Katekisimo Ndogo ya 1529, Luther anapoieleza amri ya tano haishii kwenye kuua. Anasema tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Na anapoeleza ombi la mkate wa kila siku anaiweka serikali njema ndani ya mkate huo. Sisi Walutheri tumezoea kuyafundisha hayo mawili katika masomo mawili ya kipaimara, Jumamosi mbili tofauti. Katika chumba cha kujifungulia ni somo moja. Glavu ni mkate wa kila siku, na aliyezikosa kwa sababu bajeti mbili zilitegeana hakupata jirani.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na utekelezaji wake unazungumzwa sasa katika mabaraza ya vijiji na katika vikao vya dayosisi. Nimehudhuria baadhi. Huulizwa kaya italipa kiasi gani, nani atatambuliwa kuwa hana uwezo, na kituo cha Kanisa kitarudishiwa fedha zake baada ya miezi mingapi. Swali la tatu huonekana la wahasibu, na wachungaji huanza kuangalia saa. Katika kikao cha mwisho nilikaa karibu na muuguzi kijana wa zahanati yetu mojawapo. Alikuwa ameandika katika daftari lake idadi ya akina mama anaowazalisha kwa mwezi, na mbele yake idadi ya jozi za glavu, na alikuwa akingoja nafasi ya kuuliza.